Aro: Hospitali Iliyolaza Wagonjwa Kijijini

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Humo alidai kuwa Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Jibu lililomsuta zaidi lilitoka Nigeria. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili aliyesomea Uingereza (na ambaye baadaye alikuja kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika hilohilo), alianza kazi katika hospitali ya Aro, Abeokuta, mji aliozaliwa. Majengo yalikuwa hayajakamilika, naye hakungoja mafundi. Aliwapangisha wagonjwa katika nyumba za vijiji vya jirani, kwa sharti kwamba kila mmoja aje na ndugu wa kumuuguza. Ndugu huyo alipika, akafua, akamsindikiza kliniki. Akitoka huko, mgonjwa alirudi kulima, kuhudhuria ngoma na ibada, na kulala kati ya watu waliomjua kwa jina. Hata waganga wa jadi walishirikishwa.

Mtu atasema kilichowaponya wagonjwa wa Aro ni dawa, kwani klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, iliingia mahospitalini miaka hiyohiyo. Ni kweli Aro haikuacha dawa wala tiba ya umeme. Lakini dawa hizohizo zilitolewa pia nyuma ya kuta na makufuli, na huko wengi waliotulia walibaki palepale, kwa kuwa nyumbani watu walishazoea kutokuwapo kwao. Kidonge hutuliza sauti za kichwani. Hakimrudishii mtu nafasi yake penye chakula na kazi. Aro ilihakikisha nafasi hiyo haipotei tangu mwanzo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hospitali za kikoloni nazo ziliwalimisha wagonjwa, wakageuka vibarua wa bure. Jembe peke yake, basi, si tiba. Linakuwa tiba pale anayelishika ana wa kula naye jioni. Na ndugu aliyeacha shamba lake ili auguze alibeba gharama ambayo sifa za Aro huisahau. Wazo la kuwatibu wagonjwa kijijini halikuishia Nigeria: Tanzania nayo, baada ya uhuru, ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili. Kwa hiyo kliniki inayotoa vidonge vya mwezi mzima bila kuuliza mgonjwa anaishi na nani imefanya nusu tu ya kazi yake.