Tumbaku ya maua: jirani mwema wa mchicha, si wa nyanya

Ukitaja tumbaku hapa kwetu, mtu hufikiria tambuu au sigara. Lakini ipo tumbaku inayopandwa kwa ajili ya maua na harufu yake tu. Jina lake la kitaalamu ni Nicotiana alata, na asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Brazil na Argentina. Ni ndugu wa tumbaku inayolimwa Migori, lakini siyo hiyo.

Ua lake lina umbo la tarumbeta. Kama asumini, hufunguka jioni na kunukia usiku ili kuwaita nondo. Ukitaka harufu, tafuta aina ndefu yenye maua meupe. Nyingi kati ya zile fupi za rangi rangi hazinukii sana.

Faida yake bustanini iko kwenye majani. Yana vinyweleo vinavyonata, na wadudu wadogo kama inzi weupe na vidukari hunasa humo. Ndiyo maana wengine huipanda pembezoni mwa mboga. Hata hivyo haiwamalizi wadudu. Kagua chini ya majani kila wiki, na jani lililojaa wadudu likate ulitupe mbali, la sivyo mtego utageuka kuwa kitalu chao.

Hapa ndipo wengi hukosea: huipanda kando ya nyanya. Tumbaku, nyanya, biringani, pilipili na viazi ulaya ni ukoo mmoja, na maradhi yao ni mamoja. Baya zaidi ni batobato ya tumbaku, inayoletwa na virusi. Majani huwa na mabaka ya kijani na manjano, hujikunja, na mazao hupungua. Dawa yake hakuna. Huenea kwa mikono, visu na nguo, hata kwa vidole vya mvutaji sigara. Mmea ulioambukizwa ung'oe, usiutie kwenye mboji, kisha nawa kwa sabuni. Basi ipande karibu na mchicha, kunde au mabenda, na nyanya ziwe upande wa pili wa ua.

Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga. Zinyunyize juu ya udongo mbichi bila kuzifukia. Huchipua kwa takriban wiki mbili. Miche ikipata nguvu, ihamishe mvua zikianza, ukiacha sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche. Mchanga wetu wa pwani uchanganye na samadi iliyooza. Kwa kuwa hufika mita 1 au zaidi, ikinge na upepo wa kusi.

Mwisho, mmea mzima ni sumu ukiliwa. Weka mbali na watoto na mbuzi. Wala usichemshe majani yake kuwa dawa ya kunyunyizia mboga: nikotini hupenya ngozini, na mboga hizo ni za kuliwa nyumbani kwako.