Mani na Plotinus: Wasaka Hekima Kati ya Roma na Uajemi

Mwaka 243 jeshi la Kaisari Gordian III lilikwenda mashariki kupigana na Shapur wa Kwanza, mfalme wa Uajemi. Kaisari mwenyewe alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Katika msafara huo alikuwamo mtu ambaye hakuwa na haja ya vita: Plotinus, mwanafalsafa aliyekuwa anakaribia miaka 40, na ambaye alikuwa amesoma kwa Ammonius huko Alexandria kwa miaka 11. Mwanafunzi wake Porphyry, aliyeandika habari za maisha yake, anasema alifuatana na jeshi kwa sababu alitamani kuijua hekima ya Waajemi na ya Wahindi.

Hakufika. Mwanzoni mwa mwaka 244 majeshi yalikutana Misiche, kando ya Mto Frati, na Gordian akafa. Kwenye maandishi aliyoyachongesha kwa lugha tatu huko Naqsh-e Rostam, Shapur anasema kaisari huyo aliuawa vitani na kwamba mrithi wake, Philip, alitoa dinari 500,000 ili kuwakomboa watu wake. Waandishi wa Kirumi wanamtwika Philip lawama za kifo hicho. Plotinus aliponea chupuchupu, akakimbilia Antiokia, kisha akaenda Roma na kufundisha huko kwa miaka mingi.

Ng'ambo ya mpaka wa Roma na Uajemi, katika miaka hiyohiyo, alikuwako kijana aliyepewa kibali na Shapur kuhubiri dini mpya. Huyo ni Mani, mzaliwa wa Babeli mwaka 216. Habari za utoto wake zimo katika kitabu cha ngozi kilichoandikwa kwa Kigiriki, ambacho sasa kimehifadhiwa Cologne, Ujerumani. Ni kidogo kuliko kiberiti, na bado kila ukurasa umebeba mistari 23. Wataalamu walipofanikiwa kukifungua mwaka 1969, walikuta humo simulizi za ajabu.

Mani alilelewa katika jumuiya ya wabatizaji, watu waliojiosha kila mara na kuosha hata mboga zao kabla ya kula. Baba yake, Pattig, alikuwa amejiunga nao. Kitabu kinasimulia kwamba mbatizaji mmoja alipoukaribia mtende ili aukate, mti ulisema na kumtaka asiiumize miti, na yule mtu akatetemeka na kuanguka miguuni pa mtoto. Mboga nazo zilivuja damu chini ya mundu. Kwa Mani hayo hayakuwa mazingaombwe. Aliamini kwamba vipande vya nuru vimenaswa katika kila kilicho hai, na kwamba wajibu wa binadamu ni kuvikomboa. Alipokuwa na miaka 12, na tena alipofika 24, alitokewa na aliyemwita Pacha wake, nafsi yake ya mbinguni, akaagizwa atoke akahubiri.

Alisafiri kwa merikebu hadi India, akarudi na kumwandikia Shapur kitabu kwa Kiajemi cha wakati ule. Aliwataja Zarathustra, Buddha na Yesu kuwa mitume waliomtangulia. Wafuasi wake wanasimulia kwamba alikaa miaka mingi katika msafara wa mfalme, akifika hadi karibu na mipaka ya Warumi. Naona hapa ndipo historia ya vita inapotupa nusu tu ya habari: njia zilizopitisha majeshi ndizo zilizopitisha maswali kuhusu roho, na watawala wa pande zote mbili walilijua hilo.

Ndiyo maana baadaye watawala wa pande zote mbili walimkataa Mani au dini yake. Katika miaka ya 270, Mfalme Bahram wa Kwanza, chini ya ushawishi wa kuhani Kartir, alimwita na kumuuliza ana faida gani mtu asiyekwenda vitani wala kuwinda. Mani alijibu kwamba ameponya wagonjwa na kutoa mashetani, lakini hakusikilizwa. Alifungwa minyororo huko Gundeshapur, akafia gerezani. Mwaka 302 Kaisari Diocletian aliamuru viongozi wa dini hiyo wachomwe moto pamoja na vitabu vyao, akiwashutumu kuwa wameleta sumu kutoka kwa Waajemi. Hata hivyo, Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, alikuwa msikilizaji wao kwa takriban miaka tisa, na huko China sanamu ya Mani iliyochongwa mwaka 1339 ingali ipo katika hekalu la Cao'an, Fujian.

Kuna jambo moja ambalo walimu wetu wa historia wasilipite. Katika mafundisho yake yaliyopatikana Misri kwa lugha ya Kikopti, Mani anahesabu falme nne kuu za dunia. Ya kwanza ni ya Babeli na Uajemi, ya pili ni Roma, na ya tatu ni Aksum. Mfundisheni mwanafunzi kwamba katika karne ya 3 mtu wa Babeli aliitaja dola hiyo ya Kiafrika pamoja na Roma na Uajemi, tena bila kuona haja ya kueleza kwa nini.