Hojaji za shughuli za wagonjwa wa goti: urekebishaji kwa Kiitalia

Urekebishaji wa hojaji ya shughuli za mgonjwa wa goti kwa Kiitalia ni kazi ya kuchukua maswali yaliyotungwa kwa lugha nyingine, aghalabu Kiingereza, na kuyaandaa ili mgonjwa wa Italia ayajibu mwenyewe na alama zake zilinganishike na za mgonjwa wa Sweden au Marekani. Hojaji za aina hii hazihusiki sana na maumivu. Zinauliza goti linatumikaje: mtu anatembea umbali gani, anapanda ngazi kwa kushika ukuta au bila kushika, anakimbia, anabeba mizigo. Hujazwa kabla na baada ya upasuaji, hasa na waliowekewa goti bandia kwa sababu goti limesagika, na wanamichezo waliojengewa upya kano ya msalaba ya mbele ya goti.

Haja yake inaonekana wazi Bologna, kwenye taasisi ya Rizzoli iliyofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya tiba ya mifupa. Tangu mwaka 2000 rejista ya viungo bandia ya mkoa wa Emilia-Romagna imekuwa ikiandika viungo vinavyowekwa na vile vinavyolazimika kubadilishwa. Rejista ya namna hiyo inajua goti bandia limedumu miaka mingapi. Haijui kama mwenye goti amerudi shambani au anashinda kitini.

Pengo hilo huzibwa na hojaji za shughuli, ambazo huitwa pia mizani. Maarufu zaidi ni ya Yelverton Tegner na Jack Lysholm wa Sweden, iliyochapishwa mwaka 1985. Ina ngazi kuanzia 0 hadi 10. Ya juu kabisa ni ya mchezaji wa kandanda wa kiwango cha taifa. Ya chini ni ya mtu aliye likizo ya ugonjwa au anayelipwa pensheni ya ulemavu kwa sababu ya goti. Mizani ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ya mwaka 1984, ina ngazi 1 hadi 10. Mwaka 2010 madaktari wa New Zealand walitoa nyingine kwa wenye viungo bandia walio wachangamfu zaidi. Inajumlisha kutembea, kukimbia, kupanda ngazi na shughuli za jumla, hadi alama 18.

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye sarufi. Maumivu ya usiku ni yaleyale Oxford na Napoli, na hojaji ya Oxford ya goti, yenye maswali 12 na iliyotoka mwaka 1998, ilikuwa na toleo la Kiitalia lililothibitishwa kufikia mwaka 2003. Shughuli ni jambo jingine, kwa kuwa zina kwao. Ngazi ya 8 ya Tegner inataja bandy, mchezo wa magongo juu ya barafu ambao Waswidi wanaujua tangu utotoni na Mwitalia wa Palermo huenda hajawahi kuuona. Mizani ya Los Angeles inaweka gofu na bowling pamoja katika ngazi ya 8. Mtafsiri anaweza kushawishika kuweka, badala ya bowling, bocce, mchezo wa matufe unaopendwa na wazee wa Italia. Hilo ni kosa kubwa: tufe la bocce ni jepesi kuliko la bowling, hivyo mzee atapewa alama ambazo mguu wake haukuzitolea jasho. Mbadala halali ni ule unaolielemea goti kwa uzito uleule.

Ngazi ya 0 ya Tegner nayo ina mtego. Mstaafu wa miaka 70 anayelima mizabibu yake akiona neno pensheni anaweza kuweka alama hapo, ajiingize kwenye kundi la walemavu.

Utaratibu unaofuatwa na wengi ulipangwa na Francis Guillemin, Claire Bombardier na Dorcas Beaton mwaka 1993, ukaboreshwa mwaka 2000. Watafsiri wawili wenye Kiitalia kama lugha mama, mmoja anayeijua mada na mwingine asiyeijua, hutafsiri kila mmoja peke yake. Matoleo yao huunganishwa. Wengine wawili, ambao hawajaiona hojaji ya asili, huirudisha kwenye lugha ya kwanza, na tofauti zote hupelekwa kwa kamati ya madaktari, wataalamu wa viungo, watafsiri na wataalamu wa mbinu za utafiti. Rasimu hujaribiwa kwa wagonjwa 30 hadi 40, wanaoulizwa walielewa nini katika kila swali. Kwa maoni yangu hatua hii ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo ripoti nyingi huipitia kwa sentensi moja.

Kisha hufuata vipimo. Mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika hujaza tena baada ya wiki moja au mbili, na majibu hulinganishwa. Alfa ya Cronbach, inayoonyesha kama maswali yanakwenda pamoja, haina kazi kwenye mizani ya Tegner wala ya Los Angeles, kwa sababu kila moja ni swali moja tu. Alama hulinganishwa pia na za hojaji zilizokwisha kuaminika. Zaidi ya asilimia 15 ya wagonjwa wakifikia alama ya juu kabisa, mizani imejaa: haiwezi tena kumtofautisha anayetembea vizuri na anayepanda milima ya Alps.

Kiitalia ni lugha rasmi ya Uswisi pia, na jimbo la Ticino linakizungumza. Toleo lililothibitishwa Italia halihitaji kutafsiriwa upya huko, lakini kwa utaratibu wa mwaka 2000 mifano yake ya michezo na kazi lazima ikaguliwe kwanza.