Juu ya Nuru Iliyocheza Ngoma

Desturi ya zamani ilikuwa kwamba taa ya jukwaani ni ya kumwonyesha mchezaji tu, kama kandili inavyomwonyesha mgeni njia. Sisi twaona kwamba nuru yenyewe yaweza kuwa sanaa, na habari za Loie Fuller zatutosha kuwa ushahidi.

Bibi huyu alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka wa 1862. Alijitanda hariri nyepesi, pana mno, akashika ndani yake fimbo za kuirusha juu na huku na huku. Nyumba ikatiwa giza, na mafundi wakaielekezea hariri ile taa za umeme kutoka pande mbalimbali, wakibadili vioo vya rangi. Mwili ukatoweka, watu wakaona ua likifumbuka, au kipepeo. Baadaye alitunga mchezo wa moto: alisimama juu ya kioo kilichotiwa sakafuni, taa ikiwa chini yake, hata hariri ikawa kama iwakayo tangu miguuni. Sisi tuliocheza utotoni katika mbalamwezi twajua jinsi kivuli kinavyomgeuza mtu. Lakini mwezi haumtii mtu, na taa zile zilimtii.

Waigaji walitokea upesi. Mwaka wa 1892 alimshtaki mmoja wao huko New York, akidai kwamba mchezo ule ni utungo wake, sawa na tamthilia. Jaji alikataa. Alikiri kwamba mna miondoko mizuri na mpango wa kupendeza wa nguo, nuru na vivuli. Ila hamna hadithi, wala mtu anayeigizwa, wala moyo unaoonyeshwa, basi si tamthilia.

Hapo hatukubaliani naye. Je, mpiga zumari asiyetamka neno hana asemalo? Jaji alitafuta maneno mahali ambapo rangi ndizo zilizokuwa zikinena.

Mwaka ule ule bibi alikwenda Paris, akashangiliwa sana katika Folies Bergère. Naye, kwa kuwa sheria haikuulinda mchezo, alilinda vyombo vyake: mwaka wa 1894 alipata Marekani hati ya uvumbuzi kwa vazi lile na fimbo zake. Alifariki Paris mwaka wa 1928. Sheria ya Marekani ya haki za watungaji haikutaja tungo za uchezaji kwa jina lake mpaka ile ya mwaka wa 1976, iliyoanza kutumika mwaka wa 1978.