Uwezo, sababu, nia: mafiga matatu ya Mwalimu

Novemba 2, 1978, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka na kuikalia ardhi yetu hadi Mto Kagera, na Amin alikuwa amekwisha kutangaza kuwa sasa ni ya Uganda. Mwalimu hakuzunguka mbuyu. Kazi ni moja, alisema, kumpiga: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo.

Kila neno lilijibu swali la mwananchi. Tutamuweza? Tunapigania nini? Na kweli tumeamua? Angeishia mawili, shaka ingebaki. Angeongeza la nne, angewachosha watu. Mpishi yeyote anajua kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili, na la nne ni la kujikwaa tu.

Mwalimu alikuwa amezoeana na tatu. Tangu enzi za uhuru wa 1961 alihubiri vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Alipofasiri tamthilia za Shakespeare alikutana nayo tena. Katika *Julius Caesar*, aliyoitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, Kaizari anatunukiwa taji mara tatu na mara tatu analikataa. Naye Antony anaanza hotuba ya mazishi kwa kuwaita wasikilizaji majina matatu mfululizo. Katika *Mabepari wa Venisi*, ya 1969, deni ni dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na mchumba huchagua kati ya makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi.

Hata hivyo hakuwa mtumwa wa hesabu hiyo. Azimio la Arusha la 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Yale manne tulikaririshwa darasani. Haya matatu yalikaa kichwani bila mwalimu wa kuyafundisha.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, lakini maneno hayakurudi kambini. Yamo kwenye kampeni, kwenye vikao vya harusi, hata kwa mashabiki wa soka. Wengi huyapangua, nia ikatangulia na uwezo ukafuata, ila hakuna anayeacha hata moja. Mwalimu mwenyewe aliiweka nia mwisho, na baada ya nia hakukubaki neno ila safari ya Kagera.