Maandishi ya Ukutani

Watu wengi hudhani kwamba historia yapatikana vitabuni tu. Lakini mwanafunzi apitaye katika miji midogo ya Kenya, akiinua macho kutazama kuta za maduka ya zamani, ataona habari ambazo waandishi wa vitabu hawakujali kuzihifadhi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wafanya biashara waliifuata, aghalabu Wahindi, na mashuhuri kati yao alikuwa Allidina Visram, aliyefungua maduka mengi kabla ya kufa kwake mwaka 1916. Penye stesheni pakaota safu za maduka yenye baraza mbele na mabati juu, na ukuta wa ubavuni usio na dirisha ukawa ubao mzuri wa matangazo. Karatasi huraruliwa na mvua, na gazeti halimfai asiyejua kusoma. Bali picha kubwa ya sabuni humfaa kila apitaye.

Kazi yenyewe si mchezo. Fundi huugawanya mchoro mdogo aliopewa kwa miraba, kisha huipiga miraba hiyo hiyo ukutani kwa kipimo kikubwa, akinyosha mistari kwa uzi uliopakwa chaki. Aghalabu haandiki jina lake, wala tarehe.

Basi umri wa tangazo hujulikanaje? Chukua ndovu wa bia ya Tusker. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata George Hurst, mmoja wa waanzilishi, aliuawa na ndovu. Bia ikapewa jina kwa ajili ya mnyama huyo. Lakini sheria za kikoloni ziliwakataza Waafrika kununua bia ya chupa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo ndovu akionekana katika soko la Waafrika, yaelekea alichorwa baada ya hapo. Kampuni za simu zatupa kipimo chembamba zaidi. Moja ilianza kwa jina la Kencell mwaka 2000, ikawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010. Majina manne katika miaka kumi! Tangazo la sigara nalo ni la kabla ya kutumika kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoyapiga marufuku.

Kila rangi mpya huzika ya zamani. Mwenye duka akipakiwa ukuta wake bure na kampuni hufurahi, nami simlaumu, kwani si kazi yake kutunza kumbukumbu zetu. Anayetaka kuziokoa na awahi. Aandike jina la mtaa na tarehe, awaulize wazee ni nani aliyeupaka ukuta ule na alilipwa nini, kisha apige picha wakati mwanga wa jua unapoupitia ukuta kwa ubavu, kwa maana ndipo kingo za herufi zilizofunikwa hutupa vivuli vyake juu ya rangi mpya.