Kuku wa asali na machungwa: nani alisema si chakula chetu?

Desemba iliyopita nilichoma kuku watatu kwa Susu, kule Kathonzweni. Kienyeji wa nyumbani, wamelowekwa kwa maji ya machungwa, ndimu, tangawizi, saumu na pilipili, halafu mwishoni nikawapaka asali. Familia yote ilikuwa imerudi kwa sikukuu. Watoto walimaliza sahani mbili kabla sijakaa chini. Mjomba wangu mmoja akaangalia ile nyama inang'aa, akasukuma sahani na kusema, "Hii ni chakula ya wazungu. Mkamba haweki asali kwa kuku." Meza yote ikacheka. Nikacheka pia, lakini iliniuma, manze.

Iliniuma sababu niliacha chuo mwaka wa pili, na kwetu hiyo imekuwa jibu la kila kitu. Nikichelewa, ni sababu niliacha chuo. Nikichoma kuku na asali, pia ni sababu niliacha chuo. Kwa hivyo nikaamua hii moja nitaifuatilia mpaka mwisho. Kila kitu kwa hiyo sahani nikakitafutia kilitoka wapi.

Tuanze na kuku mwenyewe, maana hapo ndipo mjomba anapoteza kesi mapema. Kuku si mnyama wa Afrika. Wataalamu wanaosoma mifupa ya zamani wanasema kuku wa kwanza wa kufugwa tunaowajua kwa uhakika ni wa Ban Non Wat, Thailand, kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Huku kwetu alikuja baadaye, kwa mashua na kwa misafara. Kwa hivyo ukisema "kuku wa kienyeji" unaongea juu ya mgeni aliyekaa sana mpaka akapewa kitambulisho.

Machungwa nayo yalitoka Asia. Lakini hapa ndipo nilishtuka, sababu nilidhani ni wakoloni waliyaleta juzi tu. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani yetu. Akiwa Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake mchuzi wa kuku, nyama na samaki, na kando achari ya limau, tangawizi mbichi na maembe. Soma tena: kuku, limau, tangawizi, sahani moja, miaka karibu 700 iliyopita. Kisha akateremka hadi Mombasa, akaona migomba na miti ya malimau. (Pilipili yetu hii ya kuwasha hakuiona, hiyo ilitoka bara la Amerika na ikafika huku baada ya Wareno.)

Songa mbele hadi tarehe 7 Aprili 1498. Vasco da Gama anatia nanga Mombasa, mabaharia wake wengi wameugua kiseyeye, fizi zimevimba. Mfalme wa Mombasa anamtumia zawadi: kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Hii imeandikwa kwenye shajara ya mmoja wa watu waliokuwa kwa hiyo safari. Kitu kitamu na kitu kichungu, vyote kwa kapu moja, na kwa wale wagonjwa ilikuwa dawa ingawa hawakujua kwa nini. Siku chache baadaye wakakosana na meli zikaondoka kwenda Malindi, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine. Halafu karibu mwaka 1518 Mreno mwingine, Duarte Barbosa, anaandika juu ya Mombasa: kuku wengi, wanono kabisa, machungwa matamu na machungwa machungu, malimau, makomamanga. Kuku na machungwa kwa orodha moja. Wakati huo hakuna Mzungu amewahi kukanyaga Kitui.

Sasa mjomba angesema, sawa, hiyo ni pwani, sisi ni wa bara. Ndio, lakini nani alikuwa anatembea kati ya pwani na bara? Wakamba! Kabla ya reli, kabla ya barabara, misafara mikubwa ya pembe za ndovu kutoka Kitui kwenda Mombasa ilikuwa yetu. Ukame wa miaka ya 1830 ulisukuma wengine wakaenda kuishi huko chini karibu na Rabai, na vizazi vyao wako huko mpaka leo. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alipotaka kufika Ukambani, alienda mpaka kwa Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na ni kutoka huko Kitui ndio aliona theluji ya Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Kivui aliuawa 1851 safarini karibu na mto Tana, Krapf akiwa naye. Watu kama hao walikula Mombasa, wakalala Mombasa, wakauza Mombasa. Usiniambie hawakuwahi kuonja ndimu.

Kisha reli. Kuanzia 1896 Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi elfu 31 kutoka India, na reli ikapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, yaani katikati ya Makueni ya leo. Baadhi yao walibaki. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, na mpaka leo msafiri yeyote akiingia anapewa chakula bure. Cha kuchekesha ni kwamba nyama hutapata hapo hata ukilia. Lakini mkono wa Wahindi kwa kuku wa kuchoma Kenya hii unauona kila mahali: kuku kulowekwa kwa kitu kichungu na viungo usiku kucha kabla ya moto, hiyo ni tikka, na sisi wote tumekua tukinusa tikka.

Asali nayo haihitaji wakili. Kitui na asali ni kama Kisumu na samaki. Mizinga ya magogo, tunaita mwatu, ikiwa mingi ni miatu, imening'inia kwa mibuyu na migunga tangu mababu. Kwa hivyo swali halikuwa tena "vitu hivi vilitoka wapi." Vyote vilikuwepo, kwa kata moja, wakati mwingine kwa boma moja. Swali likawa: mbona havikukutana kwa sufuria moja?

Hili swali nilimuuliza Susu. Hakufikiria hata sekunde mbili. Alikuwa anachambua pojo, hakuniangalia hata usoni. "Asali ilikuwa ya wanaume."

Wasee, nilikaa kimya.

Akanieleza. Mizinga ni wanaume walitundika, ni wanaume walipanda usiku na moshi kurina. Asali ikifika nyumbani ilikuwa imeshapangiwa kazi, na kazi kubwa ilikuwa kaluvu, pombe ya asali. Kaluvu ndiyo ilikaa mbele ya wazee wakizungumza mahari, wakipatanisha watu, wakibariki. Vijana hata hawakuruhusiwa kuigusa. Mwanamke achukue asali ya mume wake apake kuku? Susu alicheka mpaka pojo zikamwagika.

Na kuku? Kuku walikuwa wa mama. Mbuzi na ng'ombe ni za mzee, lakini kuku na mayai, hakuna mtu alimuuliza mama. Aliuza mmoja akanunua chumvi, akauza wawili akanunua sare ya shule. Ukimchinja, unamchinjia mgeni, na unamchemsha, sababu kienyeji wa miaka miwili ni mgumu kama kandambili, na supu inafikia watu kumi ambapo nyama ingefikia wanne. Kuchoma ilikuwa ya mbuzi, nje, na wanaume ndio walishika kisu.

Kwa hivyo hapa ni maoni yangu, na mko huru kubishana: asali na kuku hawakukutana kwa sababu wenyewe hawakuwa wanakula meza moja. Sio ladha ilikataa. Ni umiliki.

Angalia pia ni wanyama gani wanaandikwa kwa vitabu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno, ardhi inaharibika, na ikaanza kuwachukua kwa lazima na kuwauza kwa bei ya kutupa. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kilitaka ng'ombe. Muindi Mbingu akaongoza watu, zaidi ya elfu moja, kutoka Machakos (Makueni wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos) wakaingia Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kuongea na gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikaacha mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Leo barabara yenye jina lake, Muindi Mbingu Street, inapita mlangoni mwa City Market, soko la nyama. Kila nikipita hapo nacheka peke yangu. Mtu alipigana ng'ombe zisichukuliwe, wakampa barabara ya kwenda buchari.

Hiyo historia tunaisoma, na ni sawa tuisome. Ile ya kuku, iliyosomesha nusu ya Ukambani, haina hata kichochoro. Halafu mtu anasimama kwa meza anasema "Mkamba hali hivi," na ukichunguza, Mkamba anayemaanisha ni mwanaume mzee aliyekaa na mbuzi wake wa kuchoma.

Leo mambo yamebadilika na bado yanauma. Machungwa ya Makueni unayajua hata kama hujui unayajua. Yale yenye ganda la kijani ambayo watu wa Nairobi wanadhani hayajaiva. Yameiva. Ganda linabaki kijani sababu usiku wetu hauna baridi ya kutosha kulibadilisha rangi. Kwa hiyo dhana tu, broka anakuja shambani anasema "haya bado," anashusha bei, anajaza gunia mpaka linafura kichwa, na mzee anakubali sababu kesho yataoza. Kaunti ilianzisha kiwanda cha matunda Kalamba 2017, lakini jina lake limejulikana zaidi kwa maembe. Wakati huo huo ukiingia supamaketi unapata chupa ya sosi ya machungwa na asali ya kulowekea kuku, imetoka nje, bei yake ni kuku nusu. Hiyo chupa mjomba hajawahi kuiita ya wazungu. Iko kwa friji yake.

Hata makaa yana historia. Mwanzoni mwa 2018 gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaunti, miti ilikuwa inaisha. Februari hiyo lori la makaa likachomwa Kanyonyoni, na wafanyabiashara wa Kiambu wakaandamana. Mimi ninachoma kuku kwa kazi kwa hivyo siwezi kujifanya malaika hapa. Natumia makaa kidogo, nafunika jiko, na kienyeji namchemsha kwanza kwa kuni za matawi mpaka alainike, ndio moto wa makaa uwe wa dakika ishirini tu.

Na mkitaka kujaribu: maji ya machungwa mawili na ndimu moja kwa kuku mmoja, saa tatu au nne zinatosha. Ukimwacha siku nzima nyama ya nje inakuwa kama unga. Kama huna ndimu tumia ukwaju, Kitui umejaa, na huo ni mti wa Afrika kabisa kwa hivyo hakuna mjomba atakusumbua. Asali usiweke mwanzoni, itaungua iwe nyeusi na chungu kabla nyama haijaiva. Paka dakika tano za mwisho, geuza, paka tena.

Pasaka nilirudi Kathonzweni nikachoma tena. Asali safari hii nilinunua kwa mama mmoja karibu na Mwingi, mizinga ni yake, ile ya masanduku isiyohitaji kupanda mti. Nilimwambia Susu hivyo. Akalamba kidole, akauliza huyo mama ana mizinga mingapi, na kama mtu anaweza kuanza na miwili.

Mjomba alikula. Alisema tu imezidi sukari.